Buluu Tumboni pa Tinker

Wilf,

~~Leo jipikie mwenyewe.~~ Pai ya nyama iko kwenye oveni, uipashe moto. Nimekwenda kwa dada Edith, nitarudi jioni.

Kesho usimpeleke kicheche wako kuwinda sungura. Mashimo yao yana baridi na tumbo la Tinker halina manyoya.

Asubuhi ulipomwinua ukaona upara na ile buluu, ulinigeukia mbele ya mtoto wetu Nora, ukasema, "Umempiga teke. Hiyo ni alama ya kiatu chako." Umefuga vicheche tangu kwa baba yako, Wilf, ila anayewalisha ni mimi. Ulipoenda kazini nikambeba kwa daktari wa mifugo, machozi yakinilengalenga.

Daktari akampapasa, akacheka. "Mama, hakuna aliyemgusa huyu. Mchana ukifupika mwili wake unajua baridi inakuja. Anapukutisha manyoya ya kiangazi, na mapya yanajipanga chini ya ngozi. Kabla hayajatokeza, ngozi huwa ya buluu hivi." Alisema yasipoota baada ya wiki chache, tumrudishe.

Tangu nirudi nimekaa naye mapajani mpaka chai imepoa. Hakuna aliyemwambia kwamba ni Novemba. Anashinda amelala bandani, na ule mwanga kidogo wa dirishani unamtosha kujua.

Mbadilishie majani ya kulalia. Kisha mgeuze karibu na dirisha, umtazame taratibu. Hiyo uliyoiita alama ya kiatu ni koti lake la baridi, liko njiani.

Mkeo, mwenye kiatu