Jani la Isale

Mdogo wangu Neema,

Mnaendeleaje na joto la Morogoro? Huku Masama baridi imenichosha. Nikinawa tu, vidole vinakuwa vyeupe kama chaki.

Asubuhi Shangazi aliniletea jani la isale, lile la kuombea msamaha. "Mwanangu, siku tatu hujatabasamu. Nimekukosea nini?"

Nimechoka kueleza, lakini nikaeleza tena: ni ugonjwa, kinga ya mwili imenigeukia, ngozi inakakamaa, hata ya uso. Kutabasamu nataka, mashavu ndiyo hayavutiki.

Akayapapasa kwa viganja vyake vya moto. "Basi ukifurahi, uniambie."

Mchana nikala machalari yake ya ndizi na nyama kidogo kidogo, nikamwambia, "Shangazi, nimefurahi."

Nawe nimekukumbuka mno. Nakuandikia kabisa, maana nikija huko na kushuka kwenye basi, usoni hutaona.

Dada yako,
Anande