Kidole na Mita

Dandora, 4 Machi 1996

Shemeji Muasya,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, dada yako Kasiva hajambo, ila moyo wangu ndio unaumwa.

Juzi kwenye chama chetu cha mafundi wa redio uliniita mganga mbele ya wanachama wote. Kosa langu ni nini? Kwamba nikifungua redio naigusa kwa kidole hapa na pale, nasikiliza inavyonguruma mpaka nijue ugonjwa uliko? Wewe ukipima umeme kwa mita yako mpaka chai inapoa, nani amekucheka? Makongeni sirudi.

Ni mimi shemeji yako,
Sylvance

Makongeni, 13 Machi 1996

Shemeji Sylvance,

Hamjambo huko? Sisi tunamshukuru Mungu. Kasiva alinipa barua yako kanisani, akanitazama kama mwizi wa sadaka.

Neno mganga nalirudisha, lilinitoka. Maoni yangu sirudishi. Fundi hupima. Kidole hakina namba.

Lakini kuna jambo. Mama amekuja kutoka Mwala na ile redio ya marehemu mzee. Imenyamaza. Anaishi peke yake kule, shemeji, na redio hiyo ndiyo inayomwondolea upweke. Nimepima kila kitu, na mita inasema vyote ni vizima. Naona aibu kukuandikia haya.

Shemeji yako,
Muasya

Dandora, 18 Machi 1996

Shemeji,

Hujambo? Nitakuja Jumamosi kwa ajili ya mama. Siji kwa ajili yako. Mke wako asihangaike kupika, ingawa akipika chapati sitamvunjia heshima.

Shemeji yako,
Sylvance

Makongeni, 25 Machi 1996

Shemeji,

Natumai ulifika salama. Hapa si salama, mama hasemi nami.

Tangu redio itoe moshi juzi, ukaondoka bila kwaheri na chapati mkononi, sijatulia. Nimeifungua tena. Nilipokuwa napima niling'oa mguu mmoja wa spea moja ya ndani nikauacha unaning'inia, kama tufanyavyo sisi wapimaji. Sikukwambia. Wewe ukauona, ukaulehemu kwenye tundu ulilodhani ni lake. Hukuniuliza. Tungeulizana vipi, watu wazima tuliokuwa tunapitishiana bisibisi kupitia kwa mama?

Jumapili anarudi nayo Mwala, iwe nzima au maiti. Tafadhali njoo.

Shemeji yako,
Muasya

Dandora, 27 Machi 1996

Shemeji,

Pole kwa moshi, nami nipe pole yangu. Lile tundu nilikisia.

Jumamosi nitafika mapema, na spea mpya ninayo. Wewe utapima kwanza nami nitakaa kimya, hata ukimaliza birika zima. Kisha utaweka mita chini, uninyamazie nisikilize. Kila mtu aseme kwa sauti anachokigusa na anachoking'oa. Usidhani nimebadili dini.

Shemeji yako,
Sylvance

Makongeni, 15 Aprili 1996

Kwako Sylvance,

Mafua yako yameshuka? Kasiva amenieleza kwa nini hukuja kwenye chama.

Mama ametuma salamu. Redio inalia vizuri, na jioni majirani wanakuja kusikiliza taarifa kwake. Nilisoma salamu hizo machozi yakinilenga.

Wanachama waliuliza ni njia gani iliyoiponya. Nikasema mita ilipata spea iliyoungua, na kidole kikapata waya uliolegea, ambao ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe tangu mwanzo. Mwenzetu Nzivo akacheka, akasema kidole ni cha kulia ugali. Wakacheka wote. Nilikasirika, nikasimama. Nilikutetea mpaka jasho likanitoka, nikawaambia si lazima mtu afanane nasi ndipo tumheshimu. Basi wakaniambia niwaonyeshe. Nikafungua redio ya Nzivo, nikaweka kidole, nikasikiliza kwa makini. Sikusikia kitu. Nilijaribu tena, nikaambiwa niongeze mate.

Jumamosi njoo ujitetee mwenyewe. Mimi nimechoka kuipigania njia ambayo bado siikubali.

Ndugu yako,
Muasya