Pampasi Mikokoni

Jumatatu, 3 Februari 2025
Leo nimezungumza na akina mama hapa shuleni Madungu. Acheni kutupa pampasi mikokoni! Wamekubali, wamepiga makofi. Wameondoka wameacha chupa tupu chini ya kila kiti. Nimeziokota peke yangu, nimenuna. Kinyaa kitupu.

Jumatano, 5 Februari
Bi Mwatum, anayeokota kombe za pwani za kula huko mikokoni, kanichukua nikajionee. Maji yamekupwa. Katia mkono topeni, katoa pampasi. Imevimba, imepasuka, vikaa vinatembea ndani. Nimetapika! Yeye wala. Eti miye nishazoea, Mwalimu. Zamani hapa nikipata kombe, sasa napata mavi ya watoto wa watu. Kanawa kwa maji yaleyale.

Watu gani hawa? Nimerudi na hasira hadi nimeunguza wali.

Jumamosi, 8 Februari
Jecha wa mkokoteni kaja kuchukua taka, kama kila wiki. Mfuko wetu mzito kwa pampasi — mwanangu Angelina anaharisha tangu Alhamisi. Sijui kwa nini nilimfuata. Hakwenda jaani. Kashika njia ya mikokoni, kapindua mzigo wote.

Nikampigia kelele. Hata hakushtuka. Kaniuliza, kwani Mwalimu, miaka yote hii ukidhani nazipeleka wapi?

Sikuwahi kudhani chochote. Mfuko ukishatoka mlangoni kwangu, basi, umekwisha! Wetu wa buluu umepasuka palepale mbele yangu. Vya kwangu navijua. Nimeoga mara tatu, bado najinukia.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani sikwenda. Nilikwenda kwa Bi Mwatum, nikamwambia yote. Hakunitukana — afadhali angenitukana. Kaendelea kupasua kombe zake. Mwisho kauliza: basi na za leo utazipeleka wapi?

Nikasema nitanunua nepi za kitambaa. Kasema vyema. Na hizo zilizokwishachafuka?

Mume wangu Ebenezer anacheka. Ziache, mkokoteni utapita. Nimemjibu vibaya, kaondoka.

Niko kibarazani. Nikichoma, moshi unaingia kwa jirani yangu Khairiya, ana pumu. Nikichimba, mwenye nyumba atanifukuza. Mfuko uko miguuni pangu, inzi wamejaa. Angelina analia tena ndani — harufu imenifikia hapa. Mara ya saba tangu asubuhi. Maduka ya nguo yamefungwa. Pampasi zimebaki paketi nzima, na kitambaa sina hata kimoja. Naingia kumbadilisha.