Kabla Hatujauza Karakana ya Majalada

Nyumba ya kona,
Nyuma ya lango la chuo kikuu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa shemeji,

Habari za huko uliko? Mgongo umepoa, au baridi bado inakusumbua? Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika nikipanda ngazi, lakini nayazoea kama ninavyozoea mengine. Tangu tumzike kaka yako usingizi ulinikimbia, ila siku hizi nalala mpaka alfajiri.

Barua yako niliipata. Umesema mnunuzi yuko tayari, anataka nyumba yetu pamoja na karakana iwe ghala, na kwamba chuo kikifa mtaa nao utakufa na nyumba haitakuwa na bei. Najua hukuandika kwa ubaya. Baba yenu aliwaachia nyumba hii wote wawili, na nusu ni yako. Tena ulipokuja kuzika ulijionea mwenyewe milango iliyofungwa, kuanzia kwa fundi viatu hadi kwa muuza karatasi.

Serikali ilipokata fedha za utafiti, wanafunzi wa shahada za juu waliacha kuja. Hakukuwa na tasnifu, kwa hiyo hakukuwa na cha kujalidi. Kaka yako aliendelea kufungua karakana kila asubuhi. Anaipaka mafuta mashine ya kubania, anakaa. Nilikuwa nikimwona akifuta meza isiyo na vumbi. Alikufa akiamini kazi yake imemtangulia kufa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nakumbuka tulivyokuwa zamani. Mimi nashona kurasa, yeye anakata majalada, wanafunzi wamepanga foleni hadi barabarani wakimwita Mzee Gundi. Hakufunga tasnifu ya mtu bila kusoma ukurasa wa shukrani. Tukikaa kula ananisimulia: leo kuna mmoja kamshukuru mkewe kwa kumvumilia, halafu kamshukuru ng'ombe wao, kwa jina kabisa, kwa sababu ndiye aliyelipa ada ya mwanzo. Tunacheka mpaka chai inapoa. Nimewajua kwa majina mama za watu nisiowahi kuwaona.

Na yako je? Wewe ndiye wa kwanza katika ukoo kusomeshwa na serikali hadi mwisho, na kaka yako hakutaka mtu mwingine aiguse tasnifu yako. Furaha ikamzidi, akabandika jalada juu chini. Ukamwambia, "Acha tu, kaka, atakayetaka kusoma ataigeuza." Akalibandua lote akaanza upya, huku akikutukana kwa mapenzi.

Sasa nikupe habari yenyewe. Miezi michache baada ya wewe kuondoka, fedha za utafiti zilirudishwa. Aliyekuja kuniambia ni Kigae. Unamkumbuka, yule mwanafunzi mwembamba aliyekuwa akianika vigae vyake vya udongo na nyuzi za katani uani kwetu, kwa sababu maabara ilikuwa imejaa? Vumbi lilituingia hadi kwenye gundi, na kaka yako hakumfukuza. Utafiti ule ndio uliozaa kiwanda cha vigae cha hapa mtaani. Nusu ya vijana wa mtaa huu wanakula kwa kiwanda hicho, na Kigae anasema kodi wanayolipa imesharudisha gharama za kumsomesha mara nyingi. Yeye na wenzake ndio waliokwenda wizarani kuyasema hayo hadi wakasikilizwa.

Jumanne mnunuzi wako alikuja kupima vyumba. Akaona tasnifu mbili mezani, akaguna: "Fedha za walipa kodi wanapewa watu wakakae wasome tu."

Jirani yetu mwenye mashine ya fotokopi alikuwa mlangoni. Mdomo wake unaujua. "Baba, lile ghala lako jingine umeliezeka kwa kitu gani?"

"Vigae."

"Vya wapi?"

Mnunuzi akawa anakunja futi yake ya kupimia.

"Basi mvua ikinyesha na mzigo wako haujalowa, umshukuru mwanafunzi."

Hata yeye alicheka, kwa shida.

Hizo tasnifu mbili nimezijalidi mwenyewe. Herufi za dhahabu zimekaa upande kidogo, maana kazi hiyo ilikuwa ya kaka yako. Nilipofika ukurasa wa shukrani niligeuka nimsomee. Kisha nikausoma kwa sauti hivyo hivyo, peke yangu.

Shemeji, sikwambii kwamba kesho wanafunzi watajaa. Waliokata fedha wanaweza kukata tena. Ukisema tuuze nitatia saini, wala sitakununia. Nakuomba kitu kimoja tu: usiiuze kwa barua. Njoo likizo hii, ukae karakanani siku moja ya kazi, watu wakiingia na kutoka. Ukiinuka hapo na bado unataka ghala, nitakupa kalamu mimi mwenyewe. Mnunuzi nimemwambia angoje mpaka uje. Amekubali, ingawa kwa kununa.

Mpe salamu nyingi mama watoto, na wale mapacha waambie mama yao mkubwa anawaulizia. Wifi yangu, dada yako mkubwa, anakusalimu, anasema umemsahau. Mungu akutunze huko, akufungulie njia ya kuja.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Mke wa Mzee Gundi.