Simu Niliyoizima Siku ya Mbio

Mama Marcienne, nakusalimu kwa heshima. Kila Alhamisi huwa nakusikiliza redioni ukisoma matatizo ya wenzangu na nilikuwa nacheka, leo sicheki tena, naomba unisaidie, na majina yetu uyabadilishe maana hapa Misiera, kambini kwetu wakimbizi, tunajuana wote.

Mimi ni kapiteni wa klabu ndogo ya mbio, si watu wa kulipwa, ni wakulima na wauza duka tunaokimbia alfajiri kabla ya kwenda shambani, Warundi na Wakongo pamoja, na mwaka huu kwa mara ya kwanza tuliingia mbio za kupokezana kijiti kutoka Kaberebere hadi Mbarara, watu wanne kila timu, na mmoja akikosekana timu nzima inatolewa. Wa mwisho kwetu alikuwa Térence, rafiki yangu, ndiye mwenye mbio kuliko sisi wote. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kukaa naye kwenye kituo chake na kumshikia koti na simu.

Basi saa moja na nusu asubuhi tukiwa tunangoja, yeye ananyoosha miguu ng'ambo ya barabara, simu yake ikaita, nikaona ni Inès dada yake, nikapokea. Akasema, "Ladislas, mama anaumwa sana. Umuambie Térence akuye sasa hivi, anamuita." Nikamwambia sawa, nikakata.

Mama, wewe unatujua sisi Warundi. Mtu aliye mbali haambiwi kwa simu kwamba mzazi amekufa, anaambiwa anaumwa, njoo, na habari yenyewe anaikuta nyumbani akiwa ameketi na watu wamemzunguka. Hata mimi baba yangu alipofariki niliambiwa ana malaria. Kwa hiyo niliposikia anaumwa sana, nikajua mama amekwisha kwenda, na moyo uliniuma kweli maana yule mama alinilisha mimi pia, nikajiambia marehemu hana haraka, akimbie kwanza kilomita zake tano halafu nitampeleka mwenyewe. Nikaizima simu, nikaitia kwenye mfuko wa koti. Eliezeri, mkimbiaji wetu wa tatu, akafika na kijiti, Térence akakipokea akaondoka, tukashika nafasi ya pili, sisi tuliochekwa kwa viatu vya mtumba, na kuna picha amenyanyua kijiti juu anacheka meno yote nje. Baada ya picha ndipo nikamwambia mama anaumwa, tukapanda boda, tukafika saa tano tukakuta watu wanalia.

Siku ya tatu ya matanga Inès akasimulia. Mama alifariki saa nne. Kumbe alikuwa mgonjwa kweli, Inès hakuficha neno lolote. "Kila piki ikipita alikuwa anainua kichwa," akasema, "anauliza, ni Térence?" Halafu akanigeukia mbele ya watu akaniuliza kwa nini tulikawia vile, na mimi nikajibu barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mbio. Mama Marcienne, ningemwambia pale pale, saa tatu na nusu angekuwa kitandani kwa mama yake.

 Sasa Térence ananishukuru kila siku, "Kapiteni, kama si weye ningefika hata kuzika?" na Jumamosi ijayo ni kuganduka, siku yetu ya kumaliza msiba, na amenichagua mimi niseme kwa niaba ya marafiki. Nilimweleza Eliezeri peke yake, akaniambia, "Iyo maneno uiache, kapiteni. Ukiifungua itavunja ekipe, timu yetu yote, na mama hatarudia." Nikisema nampoteza rafiki, nikinyamaza nitasimamaje mbele ya watu wale?

Kapiteni, Misiera

*

Kapiteni mwanangu, majina nimeyabadilisha yote. Pole. Naanza na pole kwa sababu na wewe umefiwa na hakuna aliyekumbuka kukupa yako. Yule mama alikulisha, ukamzika huku umebeba siri, hukupata hata kulia vizuri.

Ile desturi naijua. Mimi niliambiwa dada yangu ameteguka mguu, nikafika nikakuta jeneza. Kwa hiyo sitakuita muuaji, na wewe usijiite hivyo. Ugonjwa ndio uliomchukua. Wengi wetu tungeisikia simu ile kama ulivyoisikia wewe.

Lakini tusidanganyane. Desturi hiyo ipo ili mtu aharakishwe nyumbani, haijawahi kumwambia apitie kwanza Mbarara kupigwa picha. Hata kama uliamini amekufa, ulipaswa kumwondoa pale pale. Na simu ulikuwa nayo mkononi, kumuuliza Inès swali moja kungekuchukua muda gani? Badala yake ukaizima. Kisha ukaja kumdanganya binti wa watu matangani, machozi hayajamkauka. Hilo limeniudhi kuliko yote, maana barabarani ulikuwa na haraka, lakini matangani ulikuwa umekaa.

Eliezeri mwambie asante, ila ushauri wake weka pembeni. Njia ya mwongo ni fupi. Inès anaikumbuka saa aliyopiga ile simu, na siku moja atakaa na kaka yake wataulizana. Heri Térence ayasikie kwako.

Nenda kesho. Ukingoja kuganduka kupite ndipo useme, utakuwa umewafungulia msiba upya. Nenda nyumbani kwake, si kwenye mazoezi, na umkute pamoja na Inès, maana umewakosea wote wawili. Usibebe zawadi. Taja saa ya simu, sema uliizima, sema barabara haikufungwa. Mwombe amchague mtu mwingine wa kusema Jumamosi, usingoje akunyang'anye nafasi hiyo. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea na usitume watu wakuombee. Jumamosi nenda hata hivyo, kama hajakukataza, ukae nyuma, ubebe maji na viti kama jirani mwingine yeyote. Anaweza kukusamehe mwezi huu, anaweza asikusamehe kabisa. Hilo ni lake, usimpangie.

Na atakuuliza jambo moja, najua kwa sababu hata mimi ningeuliza: kwa nini hukuniambia? Hapo usianze habari za desturi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kuna neno moja umelizunguka kila mahali bila kuliandika. Mwambie, "Nilitaka tushinde." Kisha nyamaza, umwache alie.