Kumshusha Justin Mlimani

Jumatatu, 9 Juni

Vitenge vya kwaya bado sita. Sindano imekatika mara mbili tangu asubuhi. Uzi mbaya, mashine mbaya, mimi mwenyewe mbaya zaidi.

Saa nne simu ya mdogo wangu Justin ililia mezani. Aliniachia mimi, kwa sababu anayepanda mlimani kufunga haendi na simu. Ujumbe: usaili wa faili letu la wakimbizi kuhamia ng'ambo ni Jumatatu ijayo, Lilongwe, saa mbili. Mkuu wa familia aje mwenyewe. Asipofika, faili linarudi chini.

Tumengoja miaka kumi na mmoja. Mdogo wangu, mimi na binti yangu Neema, majina matatu kwenye karatasi moja, na jina la kwanza ni la Justin. Leo ni siku yake ya kumi na tano huko kwenye bonde la nyuma ya milima, maji tu, siku ishirini na moja. Alienda kumwomba Mungu huu usaili. Mungu amejibu kwa simu, na simu ninayo mimi. Nimecheka peke yangu kama kichaa. Kisha nikapiga meza, vitenge vikaanguka.

Jumanne, 10 Juni

Nilienda kwa Papa Diakre, shemasi wetu. Yeye ndiye hupeleka watu kule na kuwarudisha. Hakutaka kunisikiliza.

"Mama Neema, mutu akiwa mu maombi habamufwatake."

Nilimwambia nitamfuata hata nikipotea, na nikipotea atatuombea wote wawili. Mchana alikuja na fimbo yake.

Kibali cha kutoka kambini wanasema tupitie Ijumaa. Ijumaa ya nini? Tutapita njia za miguu, mbali na lami na vizuizi vya polisi. Siku tatu kwenda. Kurudi, Mungu anajua.

Nimefunga mzigo kwenye begi la shule la Neema. Unga wa bugali, sukari, usipa mkavu, yaani dagaa wa huku, sombe ya majani ya muhogo niliyoikausha kwa mafuta, nyama ya ng'ombe niliyoikaanga mpaka ikawa nyeusi isioze. Anaipenda hivyo tangu Bukavu. Papa Diakre akaniletea kifuko cha unga laini. "Ya kumufungulia. Uji mwepesi, kijiko-kijiko, siku tatu. Nyama hapana." Nikakiweka chini kabisa. Wazee wa kanisa wana sheria hata za kijiko.

Neema nimemwacha kwa jirani. Hakulia. Heri angelia.

Jumatano, 11 Juni

Tumetembea tangu alfajiri. Mashamba yameshavunwa, mabua matupu kila upande. Baridi ya mwezi huu inaingia mifupani. Kamba za begi zimenichuna mabega yote mawili. Begi la mtoto si la mizigo ya mtu mzima, na sikuwa na lingine.

Papa Diakre anachechemea. Goti. Anasema si kitu.

Mama mmoja wa kijiji ametupa nsima, bugali ya huku, na pa kulala. Hakuuliza tunatoka wapi. Zikomo, zikomo, asante kwa lugha yao. Ndilo neno pekee nililokuwa na nguvu ya kulisema.

Alhamisi, 12 Juni

Kupanda tu. Ukungu, manyunyu, matope mekundu. Papa Diakre ameteleza kwenye jiwe, goti limevimba kama papai. Amebaki kwenye nyumba ya mwisho kabla ya mlima. Amenichorea njia chini kwa fimbo: mti uliopigwa na radi, kijito, halafu kushuka. Akarudia habari ya uji. Nikasema ndiyo, ndiyo.

Ninaogopa. Ninaandika hivyo kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Nimejificha chini ya mwamba, nimefikia nusu, giza linakaribia na sitathubutu kuendelea. Nimekasirika na Justin. Nimekasirika na wote waliomwambia kwamba Mungu anasikia vizuri zaidi akiwa mbali na watu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemkuta.

Bonde ni dogo, nyasi ndefu, kijito katikati. Kando yake vibanda vinne vya majani, vitatu vitupu. Mbele ya cha nne mawe kumi na tisa yamepangwa, jiwe kwa siku. Alikuwa amekaa juani. Nilimpita. Nilidhani ni mzee. Akaniita yaya, kama anavyoniita mimi dada yake, ndipo nikageuka.

Meno yamekuwa makubwa usoni mwake. Nilimwambia habari ya usaili. Alifumba macho, midomo ikatembea, kisha akasema bado siku mbili, ameahidi. Nilimfokea. Nilimwambia kwamba Mungu hana haja ya mawe mawili, Neema ana haja ya shule. Nilisema na maneno mengine ambayo siyaandiki. Akakubali.

Nikawasha moto. Nikasonga bugali, nikapasha sombe, nikamwaga nyama yote.

"Yaya, Diakre alisemaka uji."

"Uji ni wa mugonjwa. Weye kesho unatembea."

Alikula tonge la kwanza ili anifurahishe. Nililiona hilo. Halafu mwili ukakumbuka, akala kwa mikono miwili, akaomba nyingine, nikampa na sehemu yangu. Jasho lilimtoka. Alicheka. Sijafurahi hivi tangu tuvuke ziwa tukikimbia. Nimeandika na ninarudia: nimefurahi sana.

Jumamosi, 14 Juni

Saa moja ya kwanza alitembea vizuri. Nikaanza kuhesabu: leo jioni kwa Papa Diakre, kesho barabarani, Jumatatu tumefika.

Kwenye mteremko wa pili akakaa. Tumbo. Akatapika. Miguu ilikuwa imevimba, kidole changu kiliacha shimo kwenye ngozi. Moyo unakimbia, alisema. Nikampa maji yenye sukari nyingi, kikombe kizima, halafu kingine. Akazidi kuhema.

Nilimwambia asimame. Nilimwambia anatupoteza, mimi na mtoto. Alisimama. Alisimama mara tatu kwa ajili yangu.

Begi nimelitupa na kila kilichokuwamo. Nimembeba mgongoni. Mwanaume mzima, na nilimbeba. Ni mwepesi mno.

Jioni tumefika kwa Papa Diakre. Alimtazama, akanitazama.

"Ulimupa nini?"

Nikamwambia. Alivua kofia, akakaa chini, goti na yote. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Jumapili, 15 Juni

Mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabara ya vumbi. Kabaza, teksi ya baiskeli, mpaka lami, Justin amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa mwenye baiskeli. Kisha lori la mahindi. Kwenye kizuizi polisi alichungulia, akamwona, akapunga mkono tupite. Hakuna aliyeuliza kibali. Kumbe tungeweza kupita lami tangu mwanzo, sijui.

Hospitali, Lilongwe. Daktari kijana aliuliza siku ngapi hakula. Kisha akauliza alianza kwa chakula gani. Nilipojibu aliacha kuandika. Akanieleza polepole: mwili uliokaa njaa hivyo hauwezi kupokea shibe ghafla, damu inaharibika, moyo unasimama. Alisema nisingeweza kujua. Nilimwambia nilijua, niliambiwa mara mbili.

Saa tisa mchana. Nilikuwa nimemshika mguu. Mimi ndiye niliyemwua mdogo wangu, kwa nyama.

Jumatatu, 16 Juni

Saa mbili nilikuwa pale kwenye ofisi ya usaili. Sijui kwa nini nilienda. Mama wa dirishani aliuliza mkuu wa familia yuko wapi. Nikasema amekufa jana. Akanipa maji, akasema nilete karatasi ya kifo, faili litaangaliwa upya, haijulikani lini.

Alhamisi, 19 Juni

Tumemzika jana, hapa kambini Dzaleka. Watu wengi. Wanasema alikufa kwenye mfungo, amekwenda moja kwa moja. Kwaya iliimba na vitenge vyangu. Baadaye, uani, Papa Diakre alinong'ona:

"Mi sijaambia bantu. Na sitaambia."

Nilimshukuru. Nikajichukia kwa kumshukuru.

Mashine imefunikwa. Neema anakula vizuri, namtazama kila tonge.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani walisoma majina ya wanaotaka kupanda mwezi ujao. Tisa. Kabla ya Justin walikuwa wawili, watatu. Wanataka kwenda kwenye kibanda chake. Mmoja wao ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Nilisimama. Nilisema Justin hakufa na maombi na hakufa na njaa. Alikuwa hai, anacheka. Nilimpa bugali na nyama, naye aliniambia uji, na Papa Diakre aliniambia uji. Basi.

Papa Diakre alikuwa anatazama sakafu. Nilitafuta benchi langu, sikulipata kwa machozi. Mama mmoja wa nyuma akasogea, nikakaa pembeni yake. Walisoma matangazo yaliyobaki.