Kitunguu cha Bluu

Weee, acha unachofanya usome. Yule mchumba wa dada ni bure kabisa 😭

Dada kachemsha maganda ya vitunguu mpaka nywele zinanuka, felti zake, vile vitambaa vya sufu iliyoshindiliwa, zikatoka njano safi. Leo wamezipeleka kwa mama mwenye duka, anayetaka rangi zinazotokana na vitu vya jikoni tu, si za kununua.

Bwana mchumba naye akachomoa felti yake. Bluu! Bluu ya sare ya shule!

Mama: "Hii umechemsha nini, baba?"

"Maganda ya vitunguu."

VITUNGUU!!

"Vitunguu vya bluu vinaota wapi?"

"Vya kuagiza, mama."

Vya KUAGIZA, mwenzangu!

Mama akausukuma mzigo wote, eti waongo wakubwa. Dada roho juu, akamshika mama mkono: "Za njano ni zangu. Huyu tumekutana hapo mlangoni."

Za njano zimebaki dukani. Ya bluu imerudishwa pamoja na mwenyewe.